Mazoezi ya Maswali Kumi

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa duka la kutoa kopi, lile la kona, lenye mashine mbili na kompyuta inayokohoa kabla ya kuwaka. Watu huniletea vyeti vyao vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa, nami huvishika kwa ncha za vidole kama mayai. Mteja akikunja cheti chake mbele yangu namkemea. Nina kimbelembele, sikatai, na mume wangu akisikia nimekiri atafurahi wiki nzima.

Mwaka huu wanawake wa mtaa wetu tulianzisha kikundi cha kupinga utumwa wa siku hizi. Tulipelekwa semina siku tatu, tukanywa chai na biskuti, tukafundishwa kwamba utumwa haukuisha, umebadilisha nguo tu. Kuna watu wanafungiwa viwandani wakishona mashati tunayoyagombania kwa bei ya kutupa. Kuna wanaovua kamba mwaka mzima bila kukanyaga nchi kavu. Kuna watoto wanaochuma kakao na hawajui chokoleti ina ladha gani. Na sisi tunaonunua bila kuuliza, tumo. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikawa na hasira. Siku ya tatu nikachaguliwa katibu, nikarudi nyumbani na daftari jipya na moto wa kuotea mbali.

Jamani, niliikagua nyumba yangu kama forodha. Chokoleti ya binti yangu nikaitoa mkononi mwake akiwa ameshaing'ata. Kamba waliokuwa kwenye friji nikawapa paka wa jirani. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, nilimkuta anafunga vifungo vya shati lake la mistari.

"Livue," nikamwambia. "Shati hilo lina siri."

"Siri yake ninaijua. Ulilinunua wewe, ukalisifia bei yake njia nzima."

"Ndiyo maana! Bei kama ile, kuna mtu mahali fulani ameilipa kwa jasho lake."

"Basi na suruali je?"

"Suruali bado inachunguzwa."

Akaenda kazini na shati lake kuukuu la madoa ya grisi, na jioni nikamsikia akimwambia jirani ukutani kwamba siku hizi nyumbani kwake hata kijiko kinaombwa kitambulisho. Wakacheka mpaka wakakohoa. Sikujali. Niliandika barua nne kwa viwanda vinne, cha sabuni, cha viatu, cha majani ya chai na cha simu, nikiwataka waniambie nani anawafanyia kazi na kwa masharti gani. Barua zote nne alizipeleka posta Dada.

Dada ni msichana aliyekuwa anatufanyia kazi za nyumbani. Alikuja ana miaka kumi na minane, wakati huo alikuwa na ishirini na minne. Alipika, akafua, akadeki, akampeleka binti yangu shule na kumrudisha, na jioni akanisaidia kupanga karatasi za dukani kwa sababu ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Mshahara wake nilimpa mkononi kila mwisho wa mwezi, tarehe haijawahi kupita. Alikula tunachokula. Sikuwahi kumnyanyulia mkono. Nayasema haya yote kwa sababu ndiyo niliyokuwa najiambia.

Vyeti vyake na kitambulisho chake vilikuwa kwenye bahasha ya kaki, ndani ya kabati la chumbani kwangu, na kabati lina kufuli. Msinitolee macho. Aliyekuwepo kabla yake aliondoka asubuhi moja akaacha uji motoni, wala hakuaga. Tangu hapo nikafanya kama wenzangu wote: msichana akifika, unampokea, unamwonyesha pa kulala, unamwambia leta makaratasi yako nikutunzie yasipotee. Mtaani kwetu kila nyumba yenye msichana wa kazi ina bahasha ya namna hiyo. Hatukuwa hata na jina la jambo hilo. Tuliliita kutunza.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya siku yetu kubwa, Dada alipata nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Barua ilikuja kwa sanduku la posta la duka langu. Nikampigia makofi, nikamkumbatia, chozi linanitoka. Barua nikaisoma mstari wa kwanza tu, ule wa hongera. Aliniambia anatakiwa kuripoti na vyeti vyake Ijumaa ya kuamkia siku yetu kubwa, kabla ya saa sita mchana. Nafasi ya asiyeripoti anapewa mwingine.

"Nitakutolea kopi," nikamwambia. "Bure, safi kabisa."

"Wanataka vyenyewe, Mama."

"Kopi yangu ni sawa na vyenyewe. Nani mtaalamu hapa?"

Baada ya siku mbili akaniomba tena wakati namenya vitunguu, nikamwambia sasa hivi macho yananiwasha. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu ya wiki yenyewe ya kuripoti, naandika majina ya wageni. Nikamwambia, "Dada, baada ya Jumamosi tutaongea vizuri." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa: maandamano asubuhi, hotuba, halafu wageni arobaini kunywa chai nyumbani kwa katibu. Nitasema ukweli kwa sababu nimechoka kuuzungukazunguka. Nilijua Ijumaa inakuja kabla ya Jumamosi. Nilijua. Lakini nilipofikiria vikombe arobaini, nikajiambia chuo hakiwezi kuwa kigumu kiasi hicho.

Kikundi chetu kilikuwa na maswali kumi ya kumtambua mtu anayetumikishwa. Mkufunzi wetu, mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo unalazimika kuinama uisikie, alituagiza tukayafanyie mazoezi nyumbani kabla ya kwenda mlango kwa mlango. Mmoja aulize, mwingine ajifanye mtu tunayemtafuta. Jumatano jioni nikatokea sebuleni na karatasi yangu. Binti yangu akakumbuka ana kazi ya shule. Mume wangu akajitia usingizi na gazeti usoni. Nikamwita Dada, akaja akijipangusa mikono.

"Kaa hapo. Jifanye wewe ni mtu anayefanyishwa kazi bila uhuru. Unaelewa?"

"Nijifanye vipi, Mama?"

"Jibu tu linalokujia."

Akakaa kwenye ncha ya kochi. Nikakohoa, nikaanza kwa sauti ya katibu.

"Unalala wapi?"

"Stoo. Na baiskeli, na meza ya kupigia pasi."

Nikatabasamu. Mwerevu huyu, nikasema moyoni, ameazima chumba chake mwenyewe apate mfano wa karibu.

"Una siku ya kupumzika?"

Akafikiri. "Wakitoka wote, napumzika wakichelewa kurudi."

Lo! Nikaandika haraka. Jibu kama hilo huwezi kulitunga ukiwa umekaa mezani.

"Unaweza kutoka nyumbani bila kuomba ruhusa?"

"Mpaka dukani, dakika kumi na tano. Zikizidi napigiwa simu."

"Vitambulisho vyako anavyo nani?"

"Vimefungiwa kabatini."

"Umewahi kuviomba?"

"Mara tatu."

"Ukaambiwa nini?"

"Naambiwa nisubiri."

Nikapiga karatasi kwenye goti. "Hawa watu hawana haya!" nikasema, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. "Dada, una kipaji! Umeigiza mpaka nywele zimenisimama. Kesho twende wote mkutanoni ukumbini, uwaonyeshe wenzangu. Wao wanajibu kama wanasoma tangazo la maji."

Gazeti lilishuka kidogo kutoka kwenye uso wa mume wangu. Akanitazama, akamtazama Dada, akanitazama tena.

"Mama Katibu," akasema, "hayo majibu unafikiri ameyatoa wapi?"

"Kipaji hakiulizwi kimetoka wapi."

Akaguna, akaondoka kwenda kusikiliza friji, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dada alikuwa bado amekaa. "Na Ijumaa, Mama?" akauliza.

"Kesho kwanza," nikamjibu. "Kesho utang'ara."

Alhamisi saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake kama sitini, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kujivuta. Nilimtambulisha Dada kwa mbwembwe zote, nikasema huyu ni msaidizi wangu wa nyumbani, na mtaona maajabu. Nikaketi mstari wa mbele, daftari la muhtasari juu ya goti moja, mkoba wangu wa buluu juu ya lingine. Mkufunzi akachukua kiti, akakaa mbele ya Dada, akauliza maswali kwa ile sauti yake ndogo. Dada akajibu yale yale, kwa utulivu ule ule, na ukumbi ukaingia baridi. Nyuma kuna mtu alipenga kamasi. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa, nageuka kushoto na kulia kuona nani anaona.

"Uliviomba vyeti vyako mara ngapi?" Mkufunzi akauliza.

"Mara tatu. Navihitaji kesho kabla ya saa sita. Nimepata nafasi chuoni, nisipofika anapewa mwingine."

"Ukaambiwa nini?"

"Baada ya Jumamosi."

Tabasamu langu lilibaki pale pale usoni kwa sababu halikujua pa kwenda.

Makofi yakapigwa. Makofi mengi, wengine walisimama. Nikadhani yameisha, nimesalimika. Ndipo Mama Maswali akanyoosha mkono. Huyu mama ana duka la mikate, na tunamwita hivyo kwa sababu ukimsalimia hujambo, anakuuliza kwa nini unataka kujua.

"Nimependa mchezo," akasema. "Ila sijaelewa jambo moja. Hilo kabati lina kufuli. Sasa funguo anazo nani?"

Dada akanitazama. Nasema ukweli, hakunitazama kwa ubaya. Alikuwa ananisubiri nijibu mwenyewe, kama anavyosubiri nimalize kuongea na simu ndipo aulize apike nini. Mimi nikainamia daftari.

"Anazo Mama," akasema. "Ziko kwenye mkoba wake. Huo wa buluu."

Watu sitini wakauangalia mkoba wangu. Nami nikauangalia, kama kwamba ni wa mtu mwingine amenipa nimshikie. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti cha plastiki. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitegemea: zipu. Moja, halafu nyingine. Wenzangu walikuwa wanafunga mikoba yao. Mhazini wetu aliusukuma wa kwake chini ya kiti kwa kisigino. Hata Mama Maswali mwenyewe alikaa chini polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na swali.

Mkufunzi hakupaza sauti. Akanigeukia tu.

"Katibu," akasema, "umeandika?"

Nikashika kalamu. Mstari ulipanda juu, lakini niliandika: *Funguo anazo Katibu.*

Mnafikiri nilitubu hapo hapo? Weee. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafoka. Nikamwambia Dada amenivua nguo hadharani. Nikamwambia kuna nyumba wasichana wanapigwa kwa mwiko, kuna nyumba wanalala njaa, yeye analipwa, anavaa, anashiba, leo ananilipa hivi. Alitembea kando yangu, hatua kwa hatua, mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, ni kesho saa sita," akasema. Hilo tu.

Nyumbani mume wangu alikuwa amefika mapema. Nikamrukia yeye sasa. "Wewe ulijua! Jana ulijua, na ukaniacha niende kule nikaaibike!"

"Nilijua tangu miaka sita iliyopita," akasema, akaweka kikombe mezani. "Ila chai ilikuwa inafika kwa wakati."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema jambo la aibu kwa uwazi namna hiyo. Alikuwa haoni pa kuweka macho. Nikaenda chumbani. Nikafungua kufuli, nikatoa bahasha, nikakaa kitandani. Barua ya chuo ilikuwa humo, nilikuwa nimeitunza na yenyewe, kwa usalama. Nikaisoma mpaka mwisho, kazi ambayo ingenichukua dakika mbili mwezi mmoja uliopita. Ilisema vyeti halisi, na maneno hayo yalipigiwa mstari. Ilisema pia kopi hazitapokelewa. Mimi, ambaye hula kwa kopi, nilicheka peke yangu kicheko kibaya, halafu kikageuka.

Nikampelekea jikoni. Alikausha mikono kwanza, vizuri, mpaka katikati ya vidole, ndipo akapokea. Akavitoa kimoja kimoja akavikagua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kilichokunjika. Nilijikuta nataka aniambie asante, nikajionea haya kwa kutaka.

"Nisamehe," nikasema. Neno lilitoka dogo.

"Sawa, Mama," akajibu, na akarudi kwenye sufuria, maana wali ulikuwa unaungua.

Asubuhi ya Ijumaa nikasema nitamsindikiza. Nilifunga duka, nikavaa gauni la heshima. Yeye akatoka stoo na begi kubwa mgongoni na mfuko mkononi.

"Nguo zote hizo za nini?" nikamuuliza. "Si unakwenda kuripoti tu?"

"Ni chuo cha bweni, Mama. Imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa, ndiyo, ukurasa wa pili. Jana niliisoma, lakini macho yalipita juu yake, kwa sababu kichwani bado kulikuwa na vikombe arobaini. Hata baada ya yote yale! Jana nimeaibika, nimelia, nimeomba msamaha, na bado kona moja ya akili yangu ilikuwa imemweka Dada jikoni kesho yake na trei mkononi. Binti yangu alimng'ang'ania kiunoni akilia kwa sauti, na mume wangu akabeba begi mpaka barabarani bila kuambiwa.

Tulifika chuoni saa tano na nusu. Ofisi ya usajili ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, mafaili mpaka dirishani, na kalenda ya mwaka juzi. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipokea vyeti, akavigeuza nyuma na mbele, akavilinganisha na orodha.

"Wenzako wamefika tangu Jumatatu," akasema. "Nafasi yako nilikuwa nimeshaipigia alama ya kuitoa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa sijapata vyeti vyangu."

"Vilipotea?"

Nilisimama nyuma ya kiti cha Dada, nimekumbatia mkoba.

"Havikupotea," Dada akasema. "Vilikuwa vimefungiwa."

Msajili aliinua macho, akanipitia kutoka juu mpaka viatuni, akarudi kwenye karatasi yake. Sidhani kama nilikuwa wa kwanza kusimama pale. Akafuta ile alama kwa raba, taratibu, akapuliza vumbi lake. Akaandika jina kamili la Dada kwa wino, akiyatamka majina yote matatu kwa sauti, na Dada akaitikia kwa kila jina.

"Mtu wa karibu wa kumpigia simu kukiwa na jambo?"

Dada akataja kaka yake na namba yake, kwa kichwa.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Nikasubiri. Miaka sita. Nilikaa naye kitandani kwake homa ilipompanda. Yeye alikaa nami mama yangu alipofariki, akanikorogea uji nisioweza kuumeza. Nilisubiri aseme mama yangu mdogo, shangazi, mlezi, hata jirani ningeshukuru.

"Nilikuwa namfanyia kazi," akasema, kwa adabu ile ile ya siku zote.

Hakuna chembe ya uongo ndani yake. Iliniuma mpaka nikashika mgongo wa kiti. Msajili akachora mstari kwenye nafasi ile, akafunga faili, akamwonyesha Dada mlango wa ndani, ule wa kuelekea mabwenini. Dada akanyanyua begi lake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimsalimie mtoto, na kwamba vikombe vya wageni viko kabati la juu upande wa kushoto. Halafu akaingia.

Nilibaki nimesimama. Sijui nilikuwa nangoja nini. Msajili alikuwa ameshaanza faili jingine, akagundua bado nipo, akanitazama juu ya miwani yake.

"Wewe mama unaweza kwenda," akasema.